Nani Amelipa? Historia ya Matibabu Lulimba Kupitia Daftari la Papa



Leo sitaandika juu ya wanasiasa, na vita nitaigusa kwa kupita tu, ingawa Fizi yetu haikosi hayo mawili. Nataka kuandika historia ya kitu ambacho kila nyumba ya Lulimba inakijua: makuta ya matibabu. Wakati wa koko zetu nani alikuwa analipa? Wakati wa wazazi wetu nani alilipa? Na kwa nini leo ukifika na mgonjwa, swali la kwanza si "anaumwa wapi" bali "mko na ngapi"?

Nilianza kujiuliza hayo niliporudi nyumbani kwa likizo nikakuta daftari la papa. Papa hakusoma sana, aliishia darasa la sita, lakini ana tabia ya kuandika kila kitu. Ni daftari la kawaida la shule, jalada lilishaanguka zamani. Ndani mna mauzo ya mihogo na karanga, michango ya harusi na ya msiba, zamu za likirimba, na madeni. Nilikaa nalo jioni nzima. Deni lililojirudia kuliko yote halikuwa la minerval yetu, wala la mahari ya yaya. Lilikuwa la dawa. Nikaona aibu kidogo. Mimi niliyesoma historia miaka mitano nilijua tarehe za mikutano ya Berlin na Brussels, lakini historia ya daftari lile sikuijua.

Basi nikaanza kuitafuta, na nawaletea nilichokipata.

Wazee wetu wanapenda kusema kwamba enzi za Mbelgiji dawa ilikuwa bure. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mwaka 1930 Wabelgiji walianzisha mfuko wa FOREAMI, uliobeba jina la Malkia Elisabeth, kwa ajili ya kuwatibu wale waliowaita "wenyeji". Zaidi ya mfuko huo kulikuwa na misioni, na kulikuwa na kampuni za migodi na za reli zilizotibu wafanyakazi wao. Timu za kupima malale zilizunguka vijiji, watu wakapangwa mstari, shingo zikapapaswa, damu ikapimwa. Ili kusafiri, mtu alihitaji cheti cha kuonyesha kwamba amepimwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja sindano za Lomidine, ambazo watu walichomwa hata bila kuugua, na kukataa haikuwa jambo rahisi.

Ni kweli kwamba mlangoni hukutoa faranga. Lakini ulikuwa umekwisha kulipa kabla ya kufika mlangoni: kodi ya kichwa, pamba ya lazima, kazi ya barabara. Mkoloni alitibu mikono aliyoihitaji, na alitibu kwa makuta yaliyotoka kwenye mikono hiyohiyo. Kwa hiyo tunaposema "ilikuwa bure", tuwe waangalifu. Dawa ililipwa kwa kodi na kwa jasho, ila mgonjwa hakuulizwa makuta siku ile anayougua. Tofauti hiyo tuikumbuke, kwa sababu nitairudia.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi nzima ilikuwa haina daktari Mkongomani aliyemaliza chuo kikuu. Tulikuwa na wasaidizi wa matibabu, watu wenye uzoefu mkubwa, na wengi wao wakapelekwa haraka Ufaransa kumalizia masomo ya udaktari. Madaktari wa Kibelgiji waliondoka kwa wingi, na Shirika la Afya Duniani likaleta wengine kutoka nchi mbalimbali. Huku kwetu hata nafasi ya kupumua haikupatikana. Mwaka 1964 uasi wa Simba ukawaka, na mwaka 1965 Lulimba ikawa mstari wa mbele. Wengi wenu mnajua kwamba Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa nne mwaka huo, akijiita Tatu. Wengine hawajui kwamba yeye mwenyewe alisomea udaktari, na kwamba katika kundi lake alikuwemo daktari Mkuba aliyepewa jina la Kumi. Katika zahanati yao ndogo karibu na ziwa walitibu wapiganaji na wanakijiji pia. Mwezi wa kumi na moja waliondoka. Hii ni mara ya kwanza ninayoiona katika historia yetu ambapo matibabu ya bure yalikuja na wageni na kuondoka na wageni. Haikuwa ya mwisho.

Sasa twende kwenye Zaire, maana hapo ndipo daftari la papa linapoanza kueleweka.

Katika miaka ya 1970, hapo jirani zetu Kasongo, ng'ambo ya Kabambare, Wazaire na Wabelgiji wa Taasisi ya Tiba ya Antwerp walijaribu mpango mpya: vituo vidogo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya kupokea wagonjwa waliozidi uwezo wa vituo. Mwaka 1978 dunia nzima ilikutana Alma-Ata ikakubaliana juu ya afya ya msingi kwa wote. Zaire haikusubiri sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilichukua mpango huo, ikaigawa nchi katika zoni za afya 306. Ni wazo zuri, na mpaka leo ndiyo mifupa ya mfumo wetu. Leo zoni zimepita 500, na sisi wa Lulimba tuko katika zoni ya Kimbi-Lulenge.

Lakini mifupa bila nyama haitembei. Serikali ilichora ramani, ikatoa majina na mihuri, halafu mishahara ikadorora na dawa hazikuja. Vituo vikaanza kuishi kwa kile mgonjwa anachoacha mezani. Mwanzoni jambo hili lilisifiwa sana nje. Wataalamu walikuja kuangalia jinsi zoni za Zaire zinavyojitegemea. Kisha mwezi wa tisa mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, nchini Mali, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, wakapitisha ule unaoitwa Mpango wa Bamako. Mpango wenyewe ulisema hivi: dawa za lazima ziuzwe kijijini kwa bei ndogo, faida ibaki kijijini, inunue dawa nyingine, na kamati ya wanakijiji wenyewe isimamie makuta.

Someni tena sentensi hiyo pole pole. Mgonjwa alitakiwa *kuchangia* dawa. Hakutakiwa kumlipa muganga mshahara, kununua karatasi, kukarabati paa na kutuma asilimia kwenye ofisi ya zoni. Na alitakiwa kuwa na kiti katika kamati. Kwetu sehemu ya kulipa ilifika, tena ilifika kubwa. Sehemu ya kusimamia ilibaki njiani.

Halafu mwaka 1990, baada ya mauaji ya wanafunzi Lubumbashi, Ubelgiji ikakata ushirikiano wake na Zaire. Mwaka 1991 na 1993 wanajeshi wakapora miji. Mwezi wa kumi mwaka 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, nayo ikaoza haraka kama ile ya kwanza. Hapo daftari la papa linabadilika kabisa. Mpaka wakati huo aliandika bei kwa zaire. Kuanzia hapo anaandika: "kuku wawili, sindano". "Beseni la unga, kuzaa". "Mbuzi, operesheni ya mama mkubwa". Watu wa uchumi wangeuita mfumuko wa bei. Papa aliona tu kwamba mbuzi hana sufuri za kufutwa.

Vita ya 1996 na ile ya 1998 nyote mnazijua, sitazirudia. Sisi tulivuka ziwa, kama maelfu ya watu wa Fizi, tukaishi Nyarugusu, Tanzania. Nilikulia pale. Nakumbuka mama akiwa na mtoto mgongoni, anapanga mstari zahanatini, anapewa dawa, anarudi. Hakuna aliyemuuliza makuta. Kambi ilikuwa na shida zake nyingi, mgao ulipungua, kuni zilikuwa vita, lakini katika kurasa za miaka ya Nyarugusu papa hana hata deni moja la dawa. Nilipofungua kurasa zile nilifikiri amesahau kuandika. Nilimuuliza. Akanijibu, "Mwanangu, kule hatukuwa tunalipa. Ningeandika nini?"

Mwaka 2005 HCR ilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Sisi tulirudi baadaye kidogo, tukapanda mpaka Lulimba. Tulipewa mahema ya plastiki, sufuria, na mbegu. Na daftari likaanza tena.

Mwaka 2009, msimu wa mvua, mdogo wangu wa kiume alishikwa na homa. Alikuwa na miaka minne. Mnajua mvua inavyokuja kwetu: malaria inafika pamoja na palizi, wakati karanga za mavuno yaliyopita zimekwisha na mihogo mipya bado. Siku ya kwanza mama alimpa parasetamoli ya dukani. Siku ya pili alimpa dawa ya mizizi. Siku ya tatu papa alikwenda kukopa, akaambiwa angoje siku ya soko. Siku ya nne mtoto alikuwa mweupe viganja, tukambeba. Kituo tulichofika sitakitaja jina. Tuliambiwa tulipe kwanza fishi na malipo ya kuanzia, ndipo mengine yafuate. Muganga wa zamu hakuwa mkali. Alisema, "Papa, tafuteni kwanza makuta, sisi tuko hapa." Papa alitoka usiku kwenda kutafuta. Alipata nusu, wakakubali kuanza. Mdogo wangu hakuona asubuhi.

Katika daftari, deni la usiku ule lina mistari mitano. Mstari wa mwisho uliandikwa miezi saba baada ya mazishi. Papa alilipa mpaka faranga ya mwisho, kwa karanga na kwa siku za kubeba mizigo njia ya Misisi.

Sikuandika haya ili tumchukie yule muganga. Kwa miaka mingi nilimchukia, nakiri. Lakini elimu ni ya nini kama haitusaidii kuelewa? Waganga wengi wa vijijini kwetu hawako mekanize, hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wengine wana primu tu, na primu yenyewe inachelewa. Chakula cha watoto wao kinatoka kwenye makuta ya fishi na ya dawa, yaani kinatoka kwa mgonjwa. Kituo kikitibu watu kumi bila malipo, mwezi huo hakuna dawa ya kununua kwa wengine. Muganga na papa waliwekwa pande mbili za meza moja, na aliyetakiwa kukaa nao hapo, yaani serikali, kiti chake kilikuwa kitupu.

Tena bei ya mezani si bei yote. Hesabuni wenyewe: fishi, kupima damu, dawa, kitanda. Ongezeni pikipiki, maana kutoka vijiji vya ndani kwenda hospitali wakati wa matope bei inapanda mara mbili. Ongezeni chakula cha mgonjwa na cha mlinzi wa mgonjwa, maana hospitali zetu hazipiki. Ongezeni siku ambazo mama hayuko shambani wakati wa palizi. Hizo utazilipa mavuno yakija madogo. Anayeuza mbuzi kwa haraka hapati bei ya mbuzi. Na anayesubiri bei nzuri anafika siku ya nne, kama sisi.

Baadaye, katika miaka ya 2010, Médecins Sans Frontières, ambao walikuwa Baraka tangu 2003, walifanya kazi pia katika zoni yetu, wakasaidia hospitali ya Lulimba na vituo vingine. Matibabu yakawa bure. Ninyi mliokuwa nyumbani mnakumbuka mistari ya kina mama kutoka asubuhi. Watu wengine walisema, "Watu wa Lulimba wamependa kuugua." Hapana! Walikuwa wagonjwa siku zote, ila zamani walikuwa wanaugulia nyumbani. Kurasa za daftari za miaka hiyo zinafanana na zile za Nyarugusu: karibu hakuna deni la dawa. Papa alinunua mabati miaka hiyo. Yaya aliingia chuo cha ualimu. Mimi nilimaliza sekondari. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya dawa za bure peke yake, lakini mbuzi waliobaki zizini walifanya kazi yao.

Mwisho wa mwaka 2020, baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa zaidi ya mara moja, shirika hilo lilitangaza kusitisha kazi zake nyingi katika teritwari ya Fizi. Waliowashambulia ni watu wenye silaha, lakini bei imelipwa na watu wasio na kitu. Mara nyingine tena bure ilikuja na wageni, ikaondoka na wageni. Na daftari likaanza tena kujaa.

Sasa, ndugu zangu, tuseme nini sisi wasomi?

Kwanza tuache kusema kwamba watu wetu "wanasaidiwa". Kwa hesabu za taifa, takriban asilimia 40 ya matumizi yote ya afya katika Kongo inatoka moja kwa moja mfukoni mwa familia. Mwaka 2001, kule Abuja, marais wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na sisi hatujawahi kukaa vizuri hata karibu na hapo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Aliyeihakikisha kwa vitendo ni mama anayeuza unga. Yeye ndiye mfadhili mkubwa wa hospitali zetu kwa miaka 40 sasa, na hakuna mfadhili mwingine anayetoa makuta mengi hivyo bila kupewa ripoti.

Pili, tujifunze kwa Wakongomani wenzetu. Bwamanda, kule Equateur ya zamani, mwaka 1986 waliweka mfumo wa kulipa kidogo mara moja kwa mwaka kwa kila mtu wa nyumba. Ukilazwa, unalipa sehemu ndogo tu, nyingine inatoka kwenye mfuko. Zaire ilianguka pande zote, mfuko ule ukaendelea kusimama. Siri yake kwangu ni rahisi: watu walilipa wakiwa wazima, hawakungoja kukamuliwa wakiwa kitandani. Ni ile tofauti niliyosema mwanzo. Sisi tuna likirimba karibu kila mtaa, tunajua kuchanga. Tangu 2017 kuna hata sheria ya nchi juu ya mutueli. Lakini tusidanganyane. Bwamanda ilikuwa na hospitali ambayo watu waliiamini, yenye dawa na yenye usimamizi. Maskini wakichangia maskini wenzao tu, bila serikali kuweka chochote, watagawana umaskini.

Tatu, tudai mambo madogo yanayowezekana. Kila kituo kibandike bei ukutani, kwa Kiswahili. Kila malipo yapewe risiti. Kamati ya afya, ile CODESA, iwe na watu wanaojua kusoma hesabu na wasioogopa kuuliza. Ndugu zangu, watu hao si ndio sisi? Mwaka 2023 serikali ilianzisha Kinshasa matibabu ya bure kwa mama anayezaa na mtoto mchanga. Ni jambo jema. Anayepaswa kujua nini ni bure na nini si bure, na kuwaeleza kina mama kabla hawajafika mlangoni, ni mtoto wao aliyesoma.

Nilipomaliza likizo nilimwomba papa anipe lile daftari nilihifadhi, nikamwambia ni kumbukumbu ya historia. Alicheka. Akasema hawezi, bado analitumia. Basi nilinakili kurasa za dawa, kuanzia kuku wawili wa sindano mpaka za mwaka huu, na nakala ninazo.

Nawaomba na ninyi mkifika nyumbani muulize: mlilipa nini, lini, kwa nani, na mliuza nini ili kulipa? Andikeni na tarehe. Tukikutanisha nyumba ishirini tu za Lulimba, Lubondja na Misisi, tutakuwa na kitu cha kuweka mezani mbele ya ofisi ya zoni na mbele ya mbunge, na hawataweza kutuambia kwamba ni maneno matupu.

Karibuni kusahihisha na kuongeza.